Kadi ya Saba

"Suti iwe ya kijivu au ya bluu? Gervasi anasema ya kijivu inanizeesha. Mecty? Upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya hivyo? Ni network?"

"Network," Mectilda akajibu.

Haikuwa network. Alikuwa amesimama katikati ya sebule yake pale Endagikot, sikio moja kwa mchumba wake, macho kwenye kadi aliyoishika.

Vitalis alikuwa mtaalamu wa maabara huko Haydom, mzaliwa wa kijiji cha Daudi, mwanamume wa kuchekesha hata foleni ya wagonjwa. Mectilda alikuwa mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa Mbinga, aliyeletwa Mbulu na barua ya ajira miaka minne iliyopita. Wiki ya kwanza alilia kwa baridi. Wiki ya pili alikutana na Vitalis, na baridi ikapungua makali. Sasa ndoa yao ilikuwa imetangazwa kanisani mara mbili. Tangazo la tatu lilikuwa Jumapili hii, harusi Jumamosi ya juma linalofuata. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, shule zimefungwa kwa likizo ya Juni.

Na hiyo likizo ndiyo iliyomletea kadi. Mratibu mmoja wa utafiti, dada anayeitwa Belinda, alikuwa amemwomba amsaidie kazi.

"Madam, tuna dodoso la kuwauliza wagonjwa habari za moyo," Belinda alimwambia siku alipomletea bahasha. "Limeandikwa kwa Kiingereza. Wenzetu wana neno la kila aina ya huzuni, lakini wasaidizi wetu wanayatupa yote kwenye kapu moja. 'Sad', huzuni. 'Gloomy', huzuni. 'Depressed', huzuni. Mgonjwa aliyefungiwa timu yake na mgonjwa anayetaka kujinyonga wanaandikiwa kitu kimoja."

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?"

"Kundi la kwanza, watu wa hospitalini na wa vijijini, limeandika matukio kwa Kiswahili, kila kadi tukio moja. La kweli kama inawezekana, bila majina. Wewe uko kundi la pili. Soma tukio, chagua neno kwenye orodha. Ila kundi moja halitakiwi kulijua lingine. Hiyo ni sheria, tafadhali."

Kadi sita zilikwenda vizuri, tena Mectilda alizifurahia, maana mwalimu wa lugha ukimpa maneno ni kama kumpa mtoto muwa. Kadi ya kwanza, mtu ameamka, ukungu umefunika kijiji, hajakosewa na yeyote lakini hata chai haitaki. Akaandika "gloomy". Kadi ya tatu, mtumishi mgeni anasikia watu sokoni wanacheka kwa lugha asiyoijua na anakumbuka jiko la mama yake. "Homesick", na hapo akajicheka mwenyewe. Kadi ya tano, mgonjwa wiki ya tatu haogi, hali, halali, na ukimuuliza analia nini anasema hakuna. Hiyo haikuhitaji mjadala, "depressed". Ya sita, msichana anaonyeshwa na jirani picha ya mwanamume wake akimvisha pete mwanamke mwingine. "Heartbroken", akaandika, akamhurumia msichana huyo kidogo, kisha akanywa chai yake.

Kadi ya saba ilisomeka hivi:

"Mwanamume yuko kwenye sherehe yake ya kuvishana pete. Amevaa koti la kahawia lenye kifungo kimoja cheusi. Simu yake inaita mara tisa. Mchumba wake anauliza, niizime? Anasema, izime. Kesho yake anasoma ujumbe kwamba mtoto wake wa miaka miwili amefariki saa nane mchana, na mazishi ni leo. Mchumba hajui kama kuna mtoto. Mwanamume hakwenda kuzika. Anakula, anacheka, anapanga harusi. Kazini anafungua friji la maabara na kusahau alichofuata. Hisia hii inaitwaje?"

Kifungo cheusi alikishona Mectilda mwenyewe, asubuhi ya siku ya pete, kwa sababu cha kahawia kilikuwa kimepotea. Na simu aliizima kwa kidole chake mwenyewe. Alikumbuka hata jina lililokuwa likiwaka kwenye kioo.

"Vitalis," akasema kwenye simu. Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu. "Yule Fundi Basotu, namba yake unayo?"

"Fundi gani?"

"Fundi Basotu. Aliyepiga mara tisa siku ya pete. Nataka atutengenezee kabati."

"Aah, yule... Yule aliacha ufundi. Alihama."

"Nilidhani alikuwa na shida."

"Mafundi si unawajua, Mecty. Ukimpa namba tu, amekuwa ndugu yako." Akacheka. "Haya, kijivu au bluu?"

"Kijivu," Mectilda akasema. "Vaa ya kijivu."

Akakata, akakaa sakafuni. Alisikia hasira, akasikia aibu, akasikia wivu wa kijinga wa kumwonea mwanamke asiyemjua. Orodha ya maneno ilikuwa mezani na hakuna hata moja lililomtosha.

Alipoinuka alimpigia Gervasi, rafiki wa Vitalis aliyekuwa amechaguliwa kuwa mpambe wake.

"Shemeji! Mambo ya harusi?"

"Gervasi, sitaki salamu. Mtoto aliitwa nani?"

"Mtoto yupi tena, shemeji?"

"Ukinidanganya, Jumapili padri akiuliza kama kuna pingamizi nitasimama mimi mwenyewe, na nitakutaja na wewe."

Gervasi akapumua kwa nguvu.

"Aliitwa Zita."

"Mama yake?"

"Fausta. Yuko Basotu, nyuma ya mashine ya kusaga. Shemeji, naomba usiseme mimi..."

"Ulijua siku ya pete?"

"Nilijua kuna mtoto. Kwamba amefariki niliambiwa baadaye. Vitalis alisema atakueleza mkishaoana."

"Mkishaoana," Mectilda akarudia, akakata simu.

Alhamisi alipanda basi la asubuhi. Basi lilisimama Haydom kushusha wagonjwa na waliowasindikiza, na yeye akajifunika kanga hadi puani, kwa sababu Vitalis hupita stendi kununua vitumbua. Kweli alimwona. Alikuwa amebeba kifuko chake, anataniana na kondakta, amependeza. Ilimuuma kwamba bado alimwona amependeza. Basi likaondoka, mashamba ya ngano ya Hanang yakafunguka pande zote mbili, na hakukuwa na mahali pa kupumzisha macho.

Fausta hakuwa mgumu kupatikana. Nyuma ya mashine palikuwa na nyumba ya bati, na kando yake jiko la udongo lenye mlango wazi. Mwanamke kijana alikuwa amekaa humo kwenye kigoda, nywele zimenyolewa. Uani, mbali kidogo, mama mmoja mtu mzima alikuwa anapepeta mahindi.

"Shikamoo mama," Mectilda akamwamkia.

"Marahaba. Unamtafuta nani?"

"Fausta."

"Yule pale. Ongea naye ukiwa hapa hapa."

Lakini Mectilda alikuwa ametoka Mbinga, na kwao ukienda kwa mfiwa unaingia, unamshika mkono, unakaa. Akaingia. Akamshika Fausta mkono kwa mikono yake miwili. Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la safari, na pembeni palikuwa na ndoo ya maji na kikombe cha bati. Akaomba kwa macho, akachota, akanywa hadi mwisho.

"Mama yangu!" yule mama uani akaangusha ungo. "Amekunywa! Fausta, umemwacha amekunywa!"

Mectilda akageuka, kikombe bado mdomoni.

"Nimekosa nini?"

Fausta alikuwa anamtazama kama mtu aliyesahau kwamba mkono wake unaweza kushikwa.

"Wewe si wa huku," akasema polepole. "Hiki ni kikombe changu peke yangu. Niko kwenye metimani. Aliyefiwa na mtoto hali na watu, hanywi nao, hashikani nao mikono, mpaka wazee waseme basi. Siku hizi wengi wameacha, wanasema ni mambo ya zamani. Kwetu bado."

"Tangu lini umekaa hivi?"

"Wiki ya saba. Tungekaa wawili, mimi na baba yake. Hakuja. Kwa hiyo nakaa kwa ajili yetu wote wawili."

Mectilda akakiweka kikombe chini. Alikuwa amejiandaa kukutana na mwizi wa mume. Alikuwa ameyapanga hata maneno njiani, makali, yenye ncha. Yote yakamkauka.

"Mimi naitwa Mectilda," akasema.

"Najua. Jirani alinionyesha picha ya pete."

Kwa hiyo msichana wa kadi ya sita alikuwa Fausta. Mectilda akakumbuka chai aliyokunywa baada ya kuijaza, akajichukia.

"Mlijuana vipi?"

"Alikuwa anakuja na gari la chanjo. Alisema atanioa. Baadaye akasema mama yake anataka msomi." Fausta alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Mimi nilishamwacha aende, madam. Sikuwa nampigia kwa mapenzi. Siku ile mtoto alichemka homa tangu alfajiri, mvua ilikuwa imekata barabara, nikampigia aniulizie gari la kazini kwao. Mara nane. Mara ya tisa sikutaka gari tena. Zita alikuwa anasema baba, baba. Nilitaka asikie sauti tu."

Mectilda akafumba macho.

"Mara ya tisa niliizima mimi," akasema. "Simu alikuwa amenipa nimshikie. Nilimwambia fundi wako anasumbua, niizime? Akasema zima. Nikazima."

Mama wa uani alikuwa ameacha kuokota mahindi. Mectilda alisubiri kofi, au tusi, na angeyapokea yote mawili.

"Mlio wake ukoje?" Fausta akauliza.

"Mlio wa nini?"

"Wa simu yake. Nikimpigia, kule kwake inaliaje? Huwa najiuliza."

"Kinanda," Mectilda akajibu, na hapo ndipo machozi yalipomshinda. "Inalia kinanda, kama cha kanisani."

"Aa," Fausta akasema. "Basi ni mlio mzuri."

Jumamosi saa nne asubuhi kamati ya harusi ilikaa kwa Mama Tekla, mama yake Vitalis, kijijini Daudi. Watu kumi na wawili kwenye viti vya plastiki, katekista mwenyekiti, Vitalis katikati anagawa vicheko. Mectilda alipofika alisimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Pita, pita, bibi harusi hasimami mlangoni. Shika chai, baridi hii itakuua."

"Sitashika, mama. Nimekunywa kikombe cha mtu aliye kwenye metimani. Ameniambia nisiguse vyombo vya watu."

Mkono wa Mama Tekla ukabaki hewani na kikombe chake. Alikuwa mama wa kanisa, wa jumuiya, wa kwaya. Lakini alirudi nyuma hatua moja.

"Metimani ya nani? Amekufa nani?"

"Mecty, twende nje tuongee," Vitalis akainuka haraka.

"Kaa," mama yake akasema, bila kumtazama. "Amekufa nani?"

"Mjukuu wako, mama. Anaitwa Zita. Alikuwa na miaka miwili, huko Basotu. Mama yake amekaa jikoni peke yake wiki saba. Baba yake ndiye huyu, anakunywa chai."

Hakuna aliyepiga kelele. Aliyeanza ni mjomba mmoja, akakiweka kikombe chake chini taratibu. Kisha shangazi. Kisha wengine, kimoja kimoja, vikombe vikigusa sakafu. Katekista akakohoa, akasema haya mambo ya kimila ndugu zangu Kanisa lilishatufundisha, halafu naye akakiweka cha kwake.

"Mama," Vitalis akasema. "Mama, nisikilize."

"Wiki saba," Mama Tekla akasema. "Ukija umelala humu. Umekula kwenye sahani zangu. Umembeba mtoto wa dada yako mikononi. Una maiti ya mwanao mwilini na unanichekesha?"

"Mila hizo, mama, tulishaziacha..."

"Sikuulizi mila!" Sauti ya mama ikapasuka. "Nilikuwa na mjukuu! Mimi nakuuliza mjukuu wangu! Ulimficha akiwa hai, ukamficha na amekufa!"

Akamnyang'anya mwanawe kikombe, akakitoa nje, akakiweka juu ya jiwe peke yake. Kisha akakaa pale pale chini, akajitanda kanga kichwani.

Vitalis alimfuata Mectilda hadi barabarani.

"Ulijuaje?" akauliza. Alikuwa amekwisha.

"Uliniandikia mwenyewe. Kadi ya saba."

Akasimama. Uso ukambadilika.

"Zile kadi? Walisema zinasomwa mbali. Nilijua ni Dar huko, watu wasionijua."

"Kwa nini uliandika?"

"Kwa sababu jambo hili lilikuwa linanila, Mecty! Sikuwa na mtu wa kumwambia."

"Ulikuwa na mimi."

"Wewe ungeondoka."

"Ningekuuliza kwa nini hujaenda kuzika, ningekufukuza uende, halafu ningeamua. Sasa umeniacha nizime simu ya mtoto anayekata roho, na ukaniacha nicheze muziki. Ukaniambia mafundi si unawajua. Umemwita mama wa mtoto wako fundi, hata baada ya yeye kumzika mtoto peke yake."

"Nisamehe. Nakupenda, na hilo si uongo."

"Najua. Ndiyo maana inauma."

Akavua pete. Ilikaza kwenye kidole, ikabidi aitemee mate, na hata hilo lilimuudhi, kwamba hawezi kuachana na mtu kwa heshima.

"Kesho nitakuwa kwa padri kabla ya misa, hakutakuwa na tangazo," akasema. "Wewe nenda Basotu. Usiende kuoa, usiende kuomba radhi ndefu. Nenda ukakae. Yule anakaa kwa zamu yako."

"Uliweka neno gani?" Vitalis akauliza nyuma yake. "Kwenye kadi. Nilitaka kweli kujua."

Mectilda akageuka.

"Orodha yao ilikuwa na 'grief'. Nikaiacha, hiyo ni ya aliyezika. Ilikuwa na 'sorrow', majonzi yasiyo na kosa, nikaona ni safi mno kwako. Yako inaitwa 'guilt', Vitalis, hatia inayomla mtu, na haimo kwenye orodha. Nimeiandika pembeni kwa mkono."

Jumamosi ambayo ingekuwa ya harusi, saa sita mchana, ulimwingia ujumbe.

"Madam habari. Amekuja tangu Jumatatu. Amenyoa. Amekaa upande wake na kikombe chake, mimi upande wangu. Hatuongei. Leo amelia kwa sauti mpaka mama mdogo, yule uliyemkuta uani, akatoka nje. Nimeona nikwambie. Fausta."

Mectilda aliusoma mara tatu. Yeye ndiye aliyemtuma aende, na sasa wivu ulimshika. Suti ya kijivu ilikuwa imening'inia mahali fulani Haydom, gauni lake lilikuwa kitandani kwenye mfuko, na mwanamume aliyempenda alikuwa analia jikoni kwa mwanamke mwingine, pale hasa alipotakiwa kulia. Aliona ni haki, na haki yenyewe ilikuwa chungu kama shubiri.

Belinda alipopiga simu baadaye, alimkuta hajaweka chochote tumboni.

"Madam, kadi saba nimezipata. Hilo neno la pembeni limezua mjadala mkubwa, watalijadili. Imebaki ya nane. Kundi lako nalo linaandika tukio moja, kundi la kwanza lichague neno."

"Lazima?"

"Ndiyo kazi yenyewe, madam."

Sheria ya kutojuana ilikuwa imeshavunjika, na Mectilda hakumwambia Belinda. Alichukua kalamu, akaandika:

"Mwanamke ameshika simu isiyo yake. Inaita mara ya tisa. Anacheka, anaizima. Hakujua. Sasa anajua. Hisia hii inaitwaje?"

Kadi ilirudi baada ya mwezi, shule zimefunguliwa, akaifungulia ofisini kwa walimu. Mwandiko aliujua kabla hajasoma.

"'Sorrow'. Ile uliyosema ni safi mno kwangu, inakufaa wewe. 'Guilt' ni yangu yote, usinisaidie kuibeba."

Alitaka kukasirika, akatafuta hasira, hakuipata. Angempenda mtu huyu maisha yake yote kama angekuwa amesema ukweli huo wiki moja tu mapema. Akaikunja kadi, akaiweka ndani ya kitabu cha maandalio ya somo.

Kwenye soketi iliyokuwa karibu naye, simu ya Mwalimu Festo ikaanza kuita. Festo alikuwa upande wa pili wa ofisi na rundo la madaftari, kalamu nyekundu mdomoni. Iliita, ikakatika, ikaita tena.

"Madam Mecty," Festo akasema bila kuinua kichwa, "hebu nizimie hiyo, inanichanganya."

Mectilda akaichomoa kwenye chaja. Akabonyeza kijani, akaiweka sikioni.

"Haloo," akasema. "Usikate. Nampelekea."